Nyumba ya kila mmoja, uwanja wa wote: historia ya kusikiliza mbele ya kujenga Kasha



Tangu wazo la kutafuta ardhi Kasha liingie katika mikutano yetu, mabishano yanarudi kila mara. Wengine wanasema: "Tugawane maparsele, kila mutu ajenge yake, basi." Wengine wanajibu: "Kila mutu akipiga ukuta wake, tutakuwa tumechukua shida ya Kadutu na kuihamisha Kasha." Mpango unaozungumzwa sasa uko katikati ya hayo mawili. Kila jamaa iwe na nyumba yake, mlango wake na ufunguo wake. Lakini robine, pahali pa kufulia, uwanja wa watoto, bustani, chumba cha mikutano na mitaro ya mvua viwe vya wote.

Watu wengi wanafikiri huu ni mpango mupya wa kutoka Ulaya. Si kweli. Karibu na sisi, na hata chini ya miguu yetu, watu wamejaribu mambo ya namna hii mara nyingi. Pengine ilifaulu, pengine ilikufa. Ukiangalia vizuri, nyumba za watu binafsi karibu zote zilibaki. Kilichokufa mara nyingi ni kile kilichokuwa cha wote. Ni heri tujue kwa nini mbele ya kuweka jiwe la kwanza.

Kasha na desturi ya kalinzi

Anayepanda kutoka Bagira kwenda Kasha anaona mji ukipungua pole pole: nyumba za matofali, halafu za mbao, halafu migomba, mihogo na maharagi. Kasha inahesabiwa katika mji wa Bukavu, upande wa Bagira, lakini maisha yake ni nusu ya mji na nusu ya kijiji. Ardhi yake pia iko na historia mbili.

Historia ya kwanza ni ya Bushi. Mbele ya Wazungu kufika, ardhi ya huku ilikuwa chini ya Mwami wa Kabare, na mtu aliipata kwa kupitia wakubwa waliomtumikia Mwami. Njia kubwa iliitwa kalinzi. Mtu anatoa zawadi, mara nyingi ng'ombe au mbuzi, mbele ya mashahidi, na tangu siku ile yeye na watoto wake wana haki ya kukaa pale, kulima, na kupanda migomba. Njia ndogo iliitwa bwasa: ni shamba la kukopa kwa msimu, unalipa kwa mavuno au kwa siku za kazi, na huna ruhusa ya kupanda kitu cha kudumu. Njo maana mgomba ulikuwa kama karatasi. Ukiona migomba ya mtu, unajua ako na kalinzi. Wakati wa ukoloni ikaingia njia ya tatu, bugule, yaani kununua kwa feza.

Tuangalie kalinzi ilibeba nini. Haikuwa ununuzi wa dukani, pahali unalipa na unaondoka. Ilifunga mtu na watu wengine: aliyetoa, aliyepokea, majirani waliosimama mpakani. Nyumba na migomba vilikuwa vya jamaa moja, lakini chemchemi na njia ya kwenda chemchemi havikufungwa. Kulikuwa na mtu wa kuuliza kama mtu mwingine anafunga njia.

Kalinzi ilikuwa pia na upungufu wake, na sisi tuliorudi tunaujua kuliko wengi. Haki ilipita kwa mwanaume. Mwanamke alikaa juu ya ardhi kwa jina la bwana wake au la mtoto wake mwanaume. Wamama wangapi wamerudi kutoka ukimbizini, bwana amekufa, na wakakuta shamba limekaliwa na shemeji? Desturi ile ililinda vizuri mtu ambaye hakuondoka. Aliyeondoka, na tena akaondoka bila mwanaume wa kumsemea, alirudi mikono mitupu.

Bagira: uwanja uliochorwa mbele ya watu

Historia ya pili iko chini kidogo ya mlima, Bagira yenyewe.

Wakati wa Wabelgiji mji wetu uliitwa Costermansville. Wakongomani waliofanya kazi mjini walikaa katika mitaa yao, mbali na Wazungu waliojenga kando ya ziwa. Kisha vita ya pili ya dunia mji ulijaa. Kwa dekreti ya tarehe 30 Machi 1952, serikali ya Ubelgiji iliunda Office des Cités Africaines, ambayo watu waliizoea kwa herufi tatu: OCA. OCA ilijenga Léopoldville, Elisabethville, Stanleyville, Usumbura, na kwetu ilijenga Bagira.

Bagira haikukua kama Kadutu, nyumba kuzaa nyumba. Ilichorwa kwanza kwenye meza. Barabara zilipangwa, nyumba zikapangwa kwa mistari, na pamoja nazo pahali pa shule, pa soko, pa matibabu, na foyer social, nyumba ya kufundishia wamama. Mpaka leo watu wanasema Quartier A, B, C, D, kama vile mchoro wa wahandisi wale bado unaongea midomoni mwetu.

Tukubali kizuri chake. Bagira ilikuwa na nafasi ya wote tangu siku ya kwanza, kwa sababu mtu aliiweka akiba mbele nyumba hazijasimama. Ukingoja nyumba ziishe kwanza, nafasi ya wote haitapatikana tena, hata ukitafuta kwa tochi. Hilo ni somo la kwanza, na linatoka karibu, si Ulaya.

Lakini hakuna mukaaji aliyeulizwa. Nyumba zilipimwa kwa baba, mama na watoto wao, kama jamaa ya Ubelgiji. Hapakuwa na kipimo cha mama mukwe, cha mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma, cha mgeni wa kijiji anayekaa miezi mitatu. Foyer social ilifundisha wamama kushona na kupika kwa namna ya Wazungu, kwa mpango wa Wazungu. Vitu vya wote vilikuwa vya Leta, na Leta ile ilikuwa ya wengine.

Halafu uhuru ulifika mwaka wa 1960, wenye mpango wakaondoka, na uwanja ukabaki bila mtu wa kusema: huu ni wetu. Kila mukaaji wa Bukavu anaweza kuonyesha kwa kidole pahali palipokuwa uwanja, kando ya barabara au kipande cha kiwanja cha shule, na leo ni nyumba ya mtu yenye ukuta na geti. Mtu huyo hata pengine ako na karatasi yenye muhuri. Uwanja usiokuwa na mwenyewe hupata mwenyewe usiku.

Kitu cha kwanza cha wote ni maji ya mvua

Tukiongea vitu vya wote, mawazo yanakimbilia chumba cha mikutano. Bukavu inatufundisha kwamba kitu cha kwanza cha wote ni mtaro.

Mji huu umekaa juu ya miteremko. Kule Funu, katika komini ya Kadutu, udongo unasogea pole pole, mwaka kisha mwaka, na nyumba zinapasuka bila mtu kuzigusa. Kila msimu wa mvua mifereji inakula barabara na misingi. Tena tuko juu ya ardhi inayotikisika: tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliua watu na kubomoa nyumba na makanisa pande zote mbili za Ruzizi, kwetu na Rwanda.

Maji ya mvua hayajui mpaka wa parsele. Yule wa juu akimwaga maji ya paa lake ovyo, yule wa chini anapoteza ukuta. Katika kartie pahali kila mtu amejenga peke yake, mtaro unafika kwenye ukuta wa jirani na unaishia pale, na jirani anasema: "Hayo ni maji yako." Kasha iko na mteremko wake. Basi hata wale kati yetu ambao hawataki kusikia neno uwanja wa pamoja, wajue kwamba mtaro wa pamoja hawataukwepa. Tofauti ni hii tu: kuupanga mbele, au kuugombania kisha nyumba kuanguka.

Tuliyojifunza ukimbizini, na waliyojifunza Warundi

Wengi wetu tumekwisha kuishi maisha ya vitu vya wote. Kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa mwaka wa 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia Kivu ya Kusini. Pale watu walipangwa kwa zoni na vijiji, wakachagua viongozi wao, wakalinda usiku kwa zamu. Ratiba ya robine tuliijua kuliko ratiba ya misa. Mtu aliyepita pale hahitaji semina ya kumfundisha kungoja zamu.

Kambi ilitufundisha pia tabia nyingine ambayo haitatusaidia Kasha. Bomba likiharibika, tulingoja shirika. Choo kikijaa, tulingoja shirika. Kilikuwa cha wote kwa kutumia, lakini kwa kutengeneza kilikuwa cha mtu mwingine.

Majirani wetu Warundi walikutana na shida hiyo waliporudi kwao. Wale waliokimbia mwaka wa 1972 walikaa Tanzania karibu miaka 40, katika makao ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Katika miaka ya 2008 na 2009 zaidi ya 50,000 walirudi Burundi. Wengi walikuta mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac yanalimwa na watu wengine, na wengine hawakujua tena mlima wa wazazi wao uko wapi. Serikali, pamoja na mashirika ya kimataifa, ikawajengea vijiji. Vilianza kuitwa vijiji vya amani, baadaye vikaitwa vijiji vya mashambani vilivyounganishwa. Ndani yake waliwekwa waliorudi pamoja na wakimbizi wa ndani na maskini waliokuwa hawana ardhi, ili wazoeane.

Wazo la kuchanganya watu lilikuwa zuri. Nyumba zilisimama kwa mistari, shule na maji vikafikiriwa. Lakini ardhi ya kulima ilikuwa ndogo, au iko mbali, au haikupatikana, na mkulima bila shamba anakaa mlangoni pa nyumba mpya akiwa na njaa. Wengine waliondoka kutafuta kazi pengine. Vijiji vile vilihesabu vizuri nyumba na watu, na havikuhesabu vizuri chakula. Kwetu Kasha, swali la namna hii ni lile la bustani, la usafiri wa kushuka sokoni, la pahali pa mafundi cherehani na waseremala kufanyia kazi. Mtu anaishi pahali anapopata kula.

Litowa: wao walijipangia, wengine wakavunja

Kuna mfano mwingine wa Tanzania unaostahili kujulikana zaidi. Karibu na Songea, mwaka wa 1960, vijana wa chama cha TANU walianzisha kijiji cha Litowa. Majaribio ya kwanza yaliyumba, wakaanza tena. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga, na Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, alikaa kati yao kama mshauri. Kila jamaa ilikuwa na nyumba yake, lakini shamba kubwa, maji na shule vilikuwa vya wote, na mambo yaliamuliwa mkutanoni. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Kilifika vijiji zaidi ya 15, kikawa na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea na kiwanda cha kupasua mbao.

Julius Nyerere mwenyewe alikipenda. Alipotoa maandiko yake juu ya Ujamaa vijijini mwaka wa 1967, Litowa ilikuwa mfano ulio hai. Ila wakubwa wa mkoa na wa chama hawakupenda watu wanaojiamulia. Mwezi wa Septemba 1969 TANU ilivunja Chama cha Ruvuma, na mali yake ikachukuliwa, mashine na kiwanda pamoja.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976. Mamilioni ya Watanzania walihamishwa kwenda vijijini, mara nyingi kwa nguvu. Neno ujamaa lilibaki lile lile, lakini sasa lilikuja na lori na askari. Mashamba ya pamoja mengi yalikufa, kwa sababu mtu analima vizuri shamba alilolikubali kwa mdomo wake mwenyewe.

Kwa hiyo Litowa haikufa kwa uvivu wala kwa ugomvi wa majirani. Ilikufa kwa sababu vitu vyake vya wote havikuwa na ulinzi wa sheria wa kutosha siku mkubwa alipobadili mawazo. Urafiki na kiongozi mmoja, hata akiwa Rais, haukutosha. Chama kinachotegemea burgumestre mmoja, shefu mmoja au mfadhili mmoja kinakaa juu ya kiti cha mguu mmoja.

Chamazi na Kambi Moto: waliopanga na kipimo mkononi

Mifano miwili ya karibu na wakati wetu inatia moyo, na yote miwili ni ya watu wasiokuwa na feza nyingi.

Wa kwanza uko Dar es Salaam. Bandari ilipopanuliwa upande wa Kurasini, watu wengi walibomolewa nyumba, na wapangaji walikuwa katika hali mbaya zaidi kwa sababu fidia huenda kwa mwenye nyumba. Baadhi yao walikuwa katika vikundi vya kuweka akiba, kama likelemba na AVEC zetu. Kwa msaada wa shirika la Centre for Community Initiatives, walinunua eka 30 huko Chamazi, nje ya mji. Walijadiliana na serikali wakubaliwe viwanja vidogo kuliko kipimo cha kawaida, ili watu wengi waenee na nafasi ya wote ibaki. Walifyatua matofali wao wenyewe. Walichimba kisima kirefu. Maji machafu waliyapeleka kwa pamoja kwenye bwawa la mimea linaloyasafisha. Nyumba zilipangwa kukua: unaanza na sehemu ndogo, unaongeza ukipata.

Shida pia waliipata. Chamazi iko mbali na kazi walizoziacha Kurasini, na kurudisha mikopo kukawa kuzito kwa wengi. Hata mpango mzuri unabanwa na nauli.

Wa pili ni Kambi Moto, katika mtaa wa Huruma, Nairobi. Watu waliokaa pale katika vibanda, pamoja na Muungano wa Wanavijiji na shirika la Pamoja Trust, walipatana na halmashauri ya mji mwaka wa 2003 ili wajenge juu ya ardhi ile ile waliyokalia. Kulikuwa na ugomvi mmoja mgumu kuliko yote: je, nyumba mpya ni za wenye vibanda tu, au hata za wapangaji? Walijadili mpaka wakakubaliana kwamba wote wawili wahesabiwe, nyumba moja kwa kila jamaa. Kwa kuwa ardhi ilikuwa finyu, walijenga kwenda juu, ghorofa juu ya chumba, ili njia na nafasi za wazi zipatikane chini. Mbele ya kuanza walisimamisha nyumba ya mbao na nguo yenye kipimo cha kweli, watu wakaingia ndani, wakasema jiko hapa ni dogo, ngazi ihamie pale. Mama ambaye hawezi kusoma mchoro wa mhandisi anaweza kusoma nyumba ya nguo.

Huo ni ujuzi ambao tunaweza kuiga Kasha kwa bei ya miti na vitenge vichache.

Na Ulaya?

Wafadhili wetu walio Ulaya wanajua namna hii ya kuishi kwa mifano ya Denmark. Mwaka wa 1967 Bodil Graae aliandika katika gazeti kwamba watoto wanapaswa kuwa na wazazi mia moja. Kwetu hakuna mtu angelipia gazeti kusoma hilo, maana kila jirani ana haki ya kumkemea mtoto wako. Kule lilikuwa jambo jipya, na jamaa nyingi zilimwitikia. Mwaka wa 1972 zilihamia Sættedammen, karibu na mji wa Hillerød: nyumba 27, kila moja na jamaa yake, na nyumba moja ya wote kwa chakula na mikutano.

Mbele yao, mjenzi Jan Gudmand-Høyer alikuwa amejaribu tangu mwaka wa 1964, na mpango wake wa kwanza ulizuiwa na majirani wa pahali pale. Hilo linatuhusu. Kasha haiko tupu. Kuna wenyeji, wazee wa kalinzi, makanisa, vijana wanaongoja kazi. Wakiona ukuta unasimama na hawajaulizwa kitu, watatuita wageni hata sisi tuliozaliwa Bukavu. Robine yetu ikifika Kasha na jirani wa pembeni bado anatafuta maji mbali, amani haitadumu.

Karatasi: hapa njo penye hatari

Sasa tufike pale historia zote hizi zinaelekea.

Sheria ya ardhi ya inchi yetu ni ile ya tarehe 20 Julai 1973. Inasema udongo wote ni mali ya Leta, na mtu anapewa haki juu yake. Haki hizo ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya milele, nayo inapewa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo. Inaweza kurithiwa na watoto. Ya pili ni ya kawaida, ina mwisho: kwa kawaida haizidi miaka 25, halafu inaweza kufanywa upya.

Soma tena pole pole. Haki ya milele ni ya mtu. Chama si mtu wa namna hiyo. Chama chenye karatasi zake kwa sheria ya vyama ya tarehe 20 Julai 2001 kinaweza kushika ardhi, lakini kwa haki yenye mwisho. Maana yake ni kwamba Kasha, nyumba ya kila mwanamemba inaweza kuwa ya milele, wakati uwanja, kisima na chumba cha wote viko na saa inayohesabu. Mtoto anayezaliwa mwaka tunaosaini atakuwa na miaka 25 siku karatasi ya uwanja inapokwisha. Nani atakumbuka? Kama hakuna anayekumbuka, mtu mwingine atakumbuka kwa niaba yake mwenyewe, na tutarudia historia ya viwanja vya mji wetu.

Wengine watasema: tuandike uwanja kwa jina la mzee mmoja mwaminifu, apate haki ya milele. Mzee ni mwaminifu, sawa. Siku akifa, warithi wake si chama. Wengine watasema: tununue kwa desturi tu, kwa shefu na mashahidi. Sheria ya 1973 ilisema kwamba haki za desturi zitapangwa na agizo la Rais, na agizo hilo halikutoka kwa miongo mingi. Njo maana parsele moja inaweza kuuzwa na mzee wa kalinzi asubuhi na na mtu wa kadasta mchana. Kwa Kasha tunahitaji vyote viwili: kusikilizana na wenyeji kwa desturi, mbele ya mashahidi wanaojulikana, na halafu cheti cha kuandikishwa kwa Leta. Cheti hicho, kikipita miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu sana kukitikisa.

Kuna jambo la majina pia. Sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kwa mambo mengi ya sheria. Mabadiliko ya mwaka wa 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuandika nyumba za Kasha kwa jina la baba peke yake. Chama ambacho wamama wake walirudi wakakuta shamba limechukuliwa hakiwezi kujenga tena mtego ule ule kwa matofali mapya.

Na nakala. Mji wetu umebadilisha mikono mwaka wa 1996, 1998, 2004 na 2025. Kila mara ofisi zinafungwa, watu wanakimbia, makaratasi yanapotea. Nakala moja isikae pahali pamoja.

Ya kuamua mbele ya jiwe la kwanza

Tukikusanya yote, mkutano wetu mkuu uko na maswali ambayo hayawezi kungoja nyumba ziishe:

Ni sehemu gani ya ardhi itakuwa ya wote? Ichorwe na kupimwa kwanza, kama Bagira, lakini ichorwe na watakaokaa, kama Kambi Moto.

Karatasi ya sehemu hiyo itakuwa kwa jina la nani, na komite gani inabeba kazi ya kuifanya upya mbele ya miaka 25 kuisha? Iandikwe ndani ya sheria za chama na isomwe kila mwaka mkutanoni, hata kama watu wamechoka kuisikia.

Nani anatengeneza robine siku inaharibika, kwa feza gani? Mfuko mdogo wa kila mwezi unashinda salongo ya hasira kisha mtaro kuziba.

Mtu akiuza nyumba au akifa, anayeingia anafungwa na masharti yale yale? Kama hapana, kisha miaka 10 tutakuwa na nyumba zetu na hakuna tena uwanja wetu.

Wenyeji wa Kasha watapata nini kwa mpango huu, na tumeketi nao lini?

Kwa wafadhili wetu tunasema kwa heshima: chumba cha mikutano kinapendeza kwenye picha, na kibao chenye jina kinapendeza zaidi. Lakini mkitaka msaada wenu uonekane bado kisha miaka 30, anzeni na mpimaji wa ardhi, cheti, na mtaro wa mawe. Chumba tutakijenga. Wanamemba wetu ni mafundi.

Na kwa ninyi wanamemba: msije mkutanoni na swali la rangi ya mabati. Njooni na jibu la swali la pili hapo juu. Nyumba yako utailinda mwenyewe, hilo halina shaka. Uwanja utalindwa na karatasi, na karatasi italindwa na mtu mwenye jina. Tumchague.